Dadasaheb Phalke: Alitazama filamu ya Yesu, akaanzisha sinema ya India

Filamu za Kihindi tumezizoea. Zimeonyeshwa kwa miaka mingi katika majumba ya sinema ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na siku hizi tunazitazama hata kwenye simu. Leo tunamwangalia mtu anayeitwa baba wa sinema hiyo: Dhundiraj Govind Phalke, maarufu kwa jina la heshima la Dadasaheb.

Phalke alizaliwa tarehe 30 Aprili 1870 mjini Trimbak, magharibi mwa India, nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Uingereza. Alisomea sanaa Bombay, ambayo leo ni Mumbai, kisha akafanya kazi ya kupiga picha na ya uchapishaji. Mke wake wa kwanza na mtoto wao walifariki kwa ugonjwa wa tauni. Baadaye alimwoa Saraswatibai.

Mwaka 1911, akiwa Bombay, alitazama filamu kutoka Ulaya kuhusu maisha ya Yesu Kristo. Macho yake yalikuwa kwa Yesu, lakini akilini aliwaona Krishna na Rama, miungu ya Wahindu. Akaamua kwamba Wahindi nao lazima wajione kwenye pazia la sinema.

Uamuzi huo ulimgharimu. Alitazama filamu na kusoma usiku na mchana hadi akapofuka kwa muda, akatibiwa. Aliweka rehani bima yake ya maisha ili apate nauli, na mwaka 1912 akaenda London. Huko mtengenezaji filamu Cecil Hepworth alimwonyesha jinsi kazi inavyofanyika. Akarudi nyumbani na kamera.

Fedha za kutengeneza filamu hakuwa nazo. Basi alipanda njegere kwenye chungu, akaipiga picha kidogo kidogo ilivyokuwa ikiota. Filamu hiyo fupi ilimshawishi mwenye fedha kumkopesha, na vito vya Saraswatibai navyo vikawekwa rehani.

Filamu yake kubwa ya kwanza, Raja Harishchandra, inasimulia habari za mfalme aliyekubali kupoteza ufalme, mke na mwana kuliko kuvunja ahadi. Wakati huo kuigiza kulionekana aibu kwa mwanamke, hivyo nafasi ya malkia ilichezwa na mwanamume, Salunke, aliyekuwa mpishi mkahawani. Saraswatibai aliwapikia watu wote waliokuwa kazini, na pia alisaidia kutoboa na kusafisha mikanda ya filamu.

Tarehe 3 Mei 1913 filamu hiyo, isiyo na sauti, ilianza kuonyeshwa kwa umma Bombay, na watu wakajaa. Mwaka 1917 alitoa Lanka Dahan, na inaelezwa kwamba watazamaji walivua viatu kila Rama alipotokea.

Filamu zenye sauti zilipoingia India mwaka 1931, nyota ya Phalke ilikuwa imeanza kufifia. Alitengeneza moja tu ya aina hiyo, mwaka 1937. Alifariki mjini Nashik tarehe 16 Februari 1944, akiwa karibu amesahaulika. Tangu mwaka 1969, tuzo kuu ya sinema nchini India hutolewa kwa jina lake.

Kamera aliitoa Ulaya, na ufundi alijifunza huko. Hadithi alizitoa kwao, na ndizo zilizowajaza watu ukumbini.