Ibn Battuta na uhuru wa kusafiri

Kila ifikapo Septemba 27 huadhimishwa Siku ya Utalii Duniani. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 1980, na kila mwaka watu huhimizwa watoke majumbani, wapande basi, treni au baiskeli, waende taratibu bila haraka wakaione ardhi ya Mwenyezi Mungu. Ni jambo jema. Na sisi Waislamu inapofika siku kama hiyo hupenda kujivunia mtu wetu, Abu Abdillah Muhammad Ibn Battuta wa Tangier, ambaye inakadiriwa kuwa alitembea zaidi ya kilomita 110,000 kabla haijazaliwa meli ya moshi wala reli.

Katika mazungumzo ya barazani baada ya Alasiri utasikia ikisemwa kwamba enzi zake dunia ilikuwa wazi, hapakuwa na viza wala pasipoti, Muislamu alitoka Morocco akafika China kama anayetoka Kariakoo kwenda Magomeni. Anayepanga foleni ubalozini alfajiri, na bahasha ya taarifa za benki kwapani, lazima atamani enzi hizo. Lakini, ndugu msomaji, ukiyafuata maisha ya mtu huyu kwa utulivu utaona kuwa mambo hayakuwa hivyo.

Alizaliwa Februari 1304 katika ukoo wa makadhi wa madhehebu ya Maliki. Tarehe 2 Rajab 725, yaani Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake kwenda kuhiji. Aliondoka peke yake, bila mwenza wala msafara. Kabla ya kufika Tunis alishikwa na homa kali, akajifunga kwa kilemba chake juu ya mnyama ili asianguke. Alipoingia mjini Tunis, wenziwe wa njiani walipokewa na jamaa zao kwa salamu, yeye hakuna aliyemjua. Akalia. Hujaji mmoja alipomwona katika hali ile ndiye aliyemwendea akamliwaza. Baada ya hapo msafara wa mahujaji ulimfanya kadhi wao, na tangu siku hiyo elimu ya sheria ikawa ndiyo nauli yake.

Hapa ndipo penye siri ya safari zake zote. Kila mji wa Kiislamu ulikuwa na wakfu uliotengwa kwa ajili ya wasafiri, zawiya ya kulala, na msikiti ambao ndani yake lugha ya ibada ilikuwa ni ileile. Huko Anatolia vijana wa udugu ulioitwa Akhi walifanya kazi mchana, jioni wakachanga mapato yao kuwalisha wageni. Alipofika mji wa Ladhiq, watu walirukia hatamu za farasi wao, wengine wakaja kuwapinga, visu vikatolewa. Yeye na wenzake walidhani wamevamiwa na majambazi. Kumbe ni makundi mawili ya Akhi yaliyokuwa yakigombania nani awakirimu! Ikabidi ipigwe kura.

Katika nyika za Watatari alionja safari ya raha hasa. Alipanda gari la magurudumu manne lililokokotwa na farasi, juu yake limefungwa hema lenye madirisha ya wavu. Aliyemo ndani huwaona watu nao hawamwoni. Aliweza kulala, kula, kusoma na kuandika huku gari linakwenda. Kwa mtu aliyewahi kujifunga kwa kilemba ili asianguke njiani, hii ilikuwa neema kubwa.

Pwani yetu aliifikia mwaka 1331. Mogadishu alilishwa wali kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na tangawizi. Mombasa alilala usiku mmoja, akaona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima penye milango yake ambapo watu waliosha miguu kabla ya kuingia, maana walitembea pekupeku. Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye magofu ya Husuni Kubwa hunasibishwa naye. Wakati Sultani akitoka katika swala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na baba alipoona watu wanamsifu kwa ukarimu akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hicho husimuliwa sana kuonyesha ukarimu wa Kilwa, na ulikuwepo kweli. Lakini wale ishirini walikuwa ni wanadamu, waliogawiwa fakiri pamoja na pembe. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kuwa Sultani alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuchukua ngawira. Watumwa hao hawakuulizwa kama wanataka kwenda Yemen.

Tukirudi kwenye vibali, Qatya, katika jangwa la Sinai, palikuwa na kituo ambapo hakuna aliyeingia Sham bila kibali cha Misri, wala Misri bila kibali cha Sham. Usiku walinzi walisawazisha mchanga, na asubuhi mkubwa wao akatazama nyayo. Akikuta alama ya mguu, aliyepita kimagendo hutafutwa mpaka akamatwe. Mto Indus nako, alikofika Septemba 1333, makarani walimwandikia Sultani habari za kila mgeni, sura yake, mavazi na idadi ya wanyama wake. Na huko Multan wageni waliokuwa wakielekea Delhi walitakiwa waandike ahadi kuwa wamekuja kukaa.

Naye alikaa miaka ipatayo minane. Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Ilikuwa neema iliyofungiwa mlango. Kosa lake lilikuwa kumzuru Sheikh Shihabuddin, mwanachuoni aliyekataa kumtumikia Sultani. Sheikh aliuawa, na Ibn Battuta akawekewa watumwa wanne wa kumlinda, dalili ambayo kwa kawaida mtu haponi. Alifunga siku tano mfululizo, akasoma dua ya kumtegemea Allah mara 33,000 kwa siku moja. Alipookoka aligawa mali yake yote kwa maskini, akavaa nguo za kifakiri na kwenda kuishi na mcha Mungu mmoja pangoni. Ilibidi aache kila kitu ndipo ruhusa ya kuondoka ipatikane.

Na hata hapo aliondoka akiwa mjumbe wa Sultani kwenda China, akipeleka farasi mia moja, watumwa mia moja na vijakazi waimbaji na wachezaji mia moja. Bandarini Calicut yeye alibaki nchi kavu kwa ajili ya swala ya Ijumaa. Dhoruba ikavunja jahazi lililobeba zawadi hizo, waliokuwamo wakafa maji. Jahazi jingine, lenye mali yake na kijakazi wake aliyekuwa mjamzito, likatweka tanga likaenda zake. Baadaye alipata habari kuwa binti yule amefariki.

Maldives alikuwa kadhi, akaoa wake wanne. Wanawake wa visiwa vile hawakutoka nchini kwao, kwa hiyo mume akitaka kusafiri hutoa talaka. Yeye alitoa. Aliporudi baadaye kumwona mwanawe aliyezaliwa huko, mtoto ana miaka kama miwili, alimwangalia akaona afadhali abaki na mama yake. Akaondoka.

Mwaka 1348, alipofika Damascus, aliuliza habari za mtoto mwingine aliyemwacha tumboni mwa mama yake, akaambiwa alikufa miaka 12 nyuma. Babake Tangier alikuwa amekufa miaka 15. Mwaka huo tauni ilikuwa ikiua watu kote, na akiwa njiani kurudi nyumbani alipata habari kuwa mama yake naye amechukuliwa na maradhi hayo.

Hakutulia. Alikwenda Andalus, kisha mwaka 1352 akavuka Sahara hadi Mali, ambako Mansa Sulayman alimletea zawadi ya ukaribisho. Alidhani ni majoho na fedha, kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha mtindi! Alilalamika sana. Mtu aliyezoea kukirimiwa huwa mwepesi wa kununa.

Sultani Abu Inan wa Fez alipomwita arudi, alinunua ngamia wawili wa kupanda pale Takedda, akafungasha chakula cha siku 70, na Septemba 1353 akajiunga na msafara wa kuelekea kaskazini. Msafara huo ulikuwa na vijakazi wapatao 600. Huko Fez alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy safari zake zote, na kitabu kikakamilika Desemba 1355. Tunasoma humo bei aliyonunulia ngamia wake wawili, lakini katika wale 600 hatusomi jina la hata mmoja. Yeye alirejea katika kazi ya ukadhi huko huko Morocco, hadi alipofariki takriban mwaka 1369.