Lyndon Johnson: Mwalimu wa kijijini aliyeingiza watoto maskini katika bajeti ya serikali

Aprili 11, 1965, Rais wa Marekani Lyndon Johnson alirudi karibu na nyumba aliyokulia Texas. Nje ya shule ya zamani ya chumba kimoja alichosomea, alitia saini sheria kubwa ya elimu. Pembeni yake aliketi Kate Deadrich Loney, mwalimu wake wa kwanza.

Johnson alizaliwa Agosti 27, 1908. Baba yake, Sam, alikuwa mkulima na mbunge wa jimbo, lakini bei ya pamba ilipoanguka familia ilizama kwenye madeni. Kijana alimaliza sekondari mwaka 1924 na hakuendelea na masomo. Alihangaika California kwa vibarua, kisha akarudi kufanya kazi ya sulubu barabarani. Mama yake, Rebecca, hakuacha kumsihi arudi darasani. Mwaka 1927 alijiunga na chuo cha ualimu San Marcos, akijilipia kwa mkopo na kwa kusafisha majengo ya chuo.

Fedha zilipopungua alisimamisha masomo na kwenda kufundisha Cotulla, mji mdogo karibu na mpaka wa Mexico. Hiyo ilikuwa 1928. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa vibarua wenye asili ya Mexico, na wengine walifika shuleni bila kula chochote. Johnson alitumia sehemu ya mshahara wake kuwanunulia vifaa vya michezo. Lakini mshahara wa mwalimu mmoja haungeweza kuwabakiza shuleni watoto wa mji mzima.

Miaka saba baadaye alipata mfuko mkubwa zaidi. Katika mdororo mkuu wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alianzisha mwaka 1935 shirika la taifa la vijana, na Johnson, akiwa na miaka 26, akawa mkurugenzi wake wa Texas. Utaratibu ulikuwa rahisi. Mwanafunzi wa sekondari kutoka familia maskini alipewa kazi ya saa chache, kama kupanga vitabu vya maktaba au kusafisha shule, na serikali ikamlipa hadi dola 6 kwa mwezi. Fedha hiyo ilitosha nauli, viatu na chakula cha mchana, vitu vidogo ambavyo kuvikosa kuliwafanya wengi waache shule.

Johnson alipokuwa rais, alirudia wazo hilo kwa kiwango cha taifa. Sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini ilileta kambi za mafunzo kwa vijana walioacha shule, wakipewa malazi, chakula na ufundi. Ulifuata mpango wa Upward Bound, unaowasaidia wanafunzi maskini wa sekondari kumaliza na kuingia chuo. Sheria aliyosaini mbele ya mwalimu wake iliidhinisha zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ilipelekwa kwa kuhesabu watoto wa familia maskini katika kila eneo. Januari 1968 alisaini marekebisho yaliyotenga fungu mahususi la miradi ya kuzuia wanafunzi kukatisha masomo.

Hata hivyo, fedha peke yake hazikutosha. Uchunguzi wa mwaka 1969 ulionyesha kwamba baadhi ya wilaya zilitumia fedha hizo kwa mahitaji mengine, na watoto waliokusudiwa hawakuziona. Isitoshe, vita vya Vietnam, ambavyo Johnson mwenyewe alivipanua, vilimeza mabilioni na kumvunjia imani ya wananchi. Machi 1968 alitangaza kwamba hatagombea tena. Alifariki shambani kwake Januari 22, 1973, akiwa na miaka 64.

Fungu la watoto maskini lililoanzishwa na sheria ya 1965 bado lipo katika bajeti ya Marekani, na mjadala wake haujabadilika sana: nani anahesabiwa, nani anapokea fedha, na nani anakagua matumizi. Kwa kijana aliye karibu kuacha shule, majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama kesho atakuwa darasani.