Louis Néel na Sumaku Iliyofichika

Je, umewahi kuwaona maksai wawili wakikokota plau katika shamba la pamba, kama wakulima wa Lingeka, mkoani Simiyu, wafanyavyo? Wakivuta upande mmoja, plau huenda. Lakini kila mmoja akivuta upande wake kwa nguvu zilizo sawa, plau haitaondoka mahali pake, ijapokuwa wote wawili wanatoka jasho. Ukumbuke mfano huo usomapo habari hizi.

Louis Néel alizaliwa mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1904. Alisoma Paris, kisha akafanya kazi Strasbourg pamoja na Pierre Weiss, bingwa wa elimu ya sumaku. Wakati huo ilikwisha julikana kwamba kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo, na kwamba chuma huwa sumaku atomi hizo zielekeapo upande mmoja. Néel akawaza jambo jingine: katika vitu fulani, atomi moja huelekea kaskazini na jirani yake kusini. Nguvu zao hufutana. Kitu kama hicho kimejaa sumaku, wala hakivuti hata sindano! Lakini angethibitishaje, na atomi hazionekani kwa macho?

Mwaka 1939 vita vilizuka. Wajerumani walitega baharini mabomu yaliyolipuka meli ya chuma ilipopita karibu, kwa kuwa dunia huigeuza meli kuwa sumaku. Maisha ya mabaharia yalikuwa hatarini. Néel alilisaidia jeshi la majini la Ufaransa kwa njia inayofanana na ile ya maksai: meli ilipewa usumaku wa kinyume, ule wa dunia ukafutika, na bomu halikutambua kitu.

Mwaka 1949 wataalamu wa Marekani walitumia chembe ziitwazo nyutroni kuchunguza manganizi iliyoungana na oksijeni. Wakakuta atomi zimepangika kama Néel alivyowaza. Nikeli nayo ni hivyo: ikiwa safi huvutwa na sumaku, ikiungana na oksijeni atomi zake hupangika kinyume. Miamba yenye nikeli iko Dutwa, wilayani Bariadi.

Néel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Siku hizo yeye mwenyewe hakuona kazi ya vitu hivyo. Hapo alikosea, maana baadaye vilitumika katika diski za kompyuta. Alifariki mwaka 2000. Mwaka 2024 wataalamu walieleza kwamba katika kitu kimoja cha namna hiyo, cha manganizi na teluri, elektroni hutengana makundi mawili kwa kufuata mwelekeo wa usumaku wao, ingawa kwa nje hakuna sumaku inayoonekana.