Mtoto wa Shamba la Mkonge

Mkulima wa kahawa wa Mwika hudhani mara nyingi ya kuwa chama cha wafanyakazi ni jambo la watu wa bandarini na wa reli, lisilomhusu yeye. Lakini ni nyumba ngapi za Kilimanjaro zilizopeleka wana wao kutafuta mshahara katika mashamba ya mkonge, au Tanga, au Nairobi? Kwa ajili yao twapenda kukumbusha habari za Thomas Joseph Mboya.

Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mtu wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Wamisionari wakamsomesha Kabaa, Yala na Mang'u. Mwaka 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya. Huko akaona jambo lililomchoma moyo: yeye na Mzungu walifanya kazi moja, lakini mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mwenziwe.

Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, chama cha KAU kilipigwa marufuku, na Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Wasomaji waangalie jambo hili: siku zile si chama cha siasa kilichowabeba wafanyakazi, bali wafanyakazi ndio walioibeba siasa. Makuli wa Mombasa walipogoma Machi 1955, aliwasihi warudi kazini, akawatetea mbele ya baraza la usuluhishi, wakapata nyongeza ya theluthi moja hivi.

Akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akawa katibu mkuu wa KANU mwaka 1960, na mwaka 1962 Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo aliwakutanisha waajiri na vyama vya wafanyakazi, wakapatana kumaliza magomvi kwa mazungumzo kwanza. Ilikuwa kazi njema. Lakini mwaka 1965 Serikali aliyoitumikia iliunda COTU, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais katika majina matatu. Kwetu hayo yalikwisha kutendeka mwaka 1964: TFL ikavunjwa, NUTA ikaundwa, na katibu mkuu wake akawa Waziri wa Kazi mwenyewe! Basi mtu huyohuyo adai nyongeza asubuhi na kuikataa jioni.

Hoja ya Mboya haikuwa ya kipuuzi. Alisema nchi changa haina budi kumfikiria pia mkulima na asiye na kazi, na hapo Mwika wengi wangeitikia. Kosa, kwa maoni yetu, ni kudhani ya kuwa kila atakayekalia kiti kile atakuwa amezaliwa shamba la mkonge. Vyama vingi vilirudi kwetu mwaka 1992, navyo vyote hupanda mlimani kuomba kura; ni vingapi vyenye kibarua katika halmashauri zake?

Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Siku ya Misa yake umati ulifurika nje ya kanisa la Familia Takatifu, kisha akapelekwa Rusinga kuzikwa.