Rudolf Diesel: Jina lake lipo kila sheli

FUNDI wa Sumbawanga anayeng'oa injini ya petroli kwenye Land Rover ya zamani na kufunga ya dizeli, ili ipande milima ya Ufipa na magunia ya mahindi kwa mafuta kidogo, anatumia kazi ya Mjerumani aliyefariki mwaka 1913.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, akasomea uhandisi Munich. Zilimkera injini za mvuke, zilizopoteza sehemu kubwa ya joto la makaa. Akabuni injini isiyo na plagi: pistoni inaibana hewa hadi inapata moto mkali, mafuta yakiingia yanawaka yenyewe. Alitaka iwe ndogo, imsaidie mwenye karakana asimezwe na viwanda vikubwa. Mwaka 1897, huko Augsburg, ilifanikiwa, ila lilikuwa dude zito lisilofaa kwa gari.

Alitajirika. Hata hivyo, kesi za hataza na biashara mbaya vilimmaliza. Usiku wa Septemba 29, 1913 alitoweka melini akielekea Uingereza. Wapo wanaoamini alijirusha, maana aliacha madeni makubwa.

Pampu ya Bosch ya mwaka 1927 ndiyo iliyofungulia dizeli mlango wa magari. Mwaka huo huo meli Liemba ilianza safari Ziwa Tanganyika kwa mvuke. Miaka ya 1970 nayo ikabadilishiwa injini, ikafungwa dizeli, na kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Ufipa waliteremka Kasanga kuisubiri.