Hassan Fathy, bwana wa nyumba za udongo

Anayeteremka kutoka mjini Embu kwenda Siakago na Ishiara huiaga baridi ya Mlima Kenya upesi sana. Kahawa na migomba huachwa nyuma, mtama na mbaazi huanza, na jua huwa jua kweli. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka Meru kushuka Tharaka mpaka Marimanti. Zamani wenyeji wa nchi hizo za chini walijua namna ya kukaa na jua hilo. Walijenga nyumba ya mviringo, kuta za fito zilizokandikwa udongo, na paa la nyasi lililoshuka chini hata likatia ukuta kivuli. Leo mahali pengi paa ni bati tupu lisilo na dari, na ukuta ni wa mbao au tofali jembamba. Adhuhuri hakukaliki ndani. Nimepata kulala katika nyumba ya namna hiyo huko Mbeere, na mimi mtu wa pwani niliyezaliwa na joto nilitoka nje na mkeka.

Jambo hili ndilo lililomshughulisha maisha yake yote bwana mmoja wa Kimisri, msanifu wa majumba, jina lake Hassan Fathy. Alizaliwa Alexandria tarehe 23 Machi 1900, katika nyumba ya watu wenye mali na mashamba. Baba yake hakupenda shamba, na kijana Hassan alifika umri wa miaka 27 kabla ya kukanyaga ardhi ya familia yake. Alipokanyaga alikuta wakulima wao wenyewe wakiishi katika vibanda vichafu vya kuinamia. Tangu hapo hakutulia.

Alikuwa amekwisha kuhitimu Cairo mwaka 1926, na kuanzia 1930 akafundisha katika chuo cha sanaa huko huko. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, mbao na chuma vikaadimika. Fathy akaona kuwa ukuta wa udongo unaweza kujengwa na yeyote, lakini paa ndilo linalotaka fedha. Akajaribu kuezeka kwa matao ya matofali ya udongo mbichi, yakaanguka. Ndipo kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi Aswan, akamwambia kuwa Wanubi wa kule hujenga matao bila kuyategemeza kwa mbao. Mwaka 1941 akaenda kuwatazama. Mafundi wale waliyalaza matofali membamba, yaliyochanganywa na makapi mengi ili yawe mepesi, yakiegemea ukuta wa nyuma; kila pinde ikalala juu ya mwenzake, na kwa siku moja na nusu chumba kikawa na paa. Fathy, mwalimu wa chuo, alikaa chini akasoma kwa watu wasiojua kuchora ramani.

Mwaka 1945 alipewa kazi iliyompa jina na kumpa majonzi. Serikali ilitaka kuwahamisha watu wa Gourna, ng'ambo ya Mto Nile kutoka Luxor, kwa sababu nyumba zao zilikaa juu ya makaburi ya wakuu wa kale nao wakijipatia riziki kwa vitu vilivyomo. Fathy akawajengea kijiji kipya cha udongo chenye msikiti, soko, shule na nyua za ndani zenye kivuli. Shuleni aliweka mnara wa kuchota upepo, unaoitwa malkafu, akapitisha upepo huo juu ya makaa yaliyoloweshwa maji. Joto la ndani lilipungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, bila mashine wala umeme.

Watu wa Gourna hawakuja. Ilifika hadi wengine wakalitoboa tuta ili maji yakifurikie kijiji kipya, na 1948 kazi ikasimama. Wengi wamewalaumu kwa kupenda wizi wa makaburini. Mimi nawaelewa kidogo zaidi. Riziki yao ilikuwa pale juu, na hakuna aliyewaonyesha nyingine ya kutosha. Tena Fathy aliwaezekea kuba, na kwao kuba ni paa la kaburi la walii. Hata kwetu pwani, nani atalala na watoto wake chini ya kuba akaona raha?

Hapa ndipo Mbeere na Tharaka wanaponijia tena. Aliyeacha nyasi akaezeka bati hakuwa mjinga. Nyasi huliwa na mchwa na hutaka kubadilishwa, na katika nchi ya ukame bati humchotea mama maji ya mvua mpaka kwenye tangi. Fathy alijenga mahali ambapo mvua ni habari ya kusimuliwa. Udongo wake mbichi ukiupeleka Ishiara bila paa lenye upenu mpana, masika mmoja tu utaurudisha kuwa tope. Basi bati na libaki, lakini chini yake iwekwe dari, na kati ya dari na bati pawe na matundu ya kupitisha upepo. Ukuta uwe mnene, wa udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo. Nyumba ielekezwe ili mapana yake yasipigwe na jua la asubuhi wala la alasiri. Wazee wa Lamu waliyajua haya kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nami huona haya nikikumbuka kwamba feni zetu za Mombasa zimezungushwa miaka mingi na maji ya Mto Tana katika mabwawa yanayopakana na Mbeere, Kindaruma tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988.

Kwamba udongo si ndoto ya washairi kulipimwa. Mwezi wa Machi 1964, mjini Cairo, vyumba viwili vya majaribio vililinganishwa. Cha udongo kilikaa kati ya nyuzi 21 na 23 mchana na usiku. Cha zege kilipanda hadi 36, nyuzi 9 zaidi ya hewa ya nje.

Fathy alikuwa amekimbilia Athens mwaka 1957 kwa kuchoshwa na makarani wa serikali, kisha akarudi. Huko Baris, katika jangwa la Kharga, alianza kijiji kingine chenye soko la kuhifadhi mboga kwa upepo tu. Vita vya 1967 vikakikatiza. Kitabu chake kuhusu Gourna kilipotolewa Chicago mwaka 1973 ndipo dunia ikamsikia, na 1980 akapewa heshima na Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Miaka yake ya mwisho aliishi Cairo katika nyumba kongwe karibu na Ngome, pamoja na paka wake, akapokea wanafunzi kutoka kila pembe. Alifariki tarehe 30 Novemba 1989.

Gourna ya zamani ilianza kubomolewa kwa matingatinga Desemba 2006, na watu wake wakahamishwa kwa nguvu ya dola. Katika kijiji cha Fathy nyumba nyingi zimebomolewa na wakazi, zikajengwa za zege mahali pake. Msikiti wake wa udongo ungaliko, na watu husali ndani yake.