Alfred Werner: Mkemia wa Nafasi Sita

Sisi wa Handeni na Korogwe tunaijua hatari ya kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wazee wetu walituonya kabla hatujasoma kemia. Lakini kwa nini moshi usioonekana unaua? Maneno ya kulijibu swali hilo tuliachiwa na mtu aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alfred Werner alizaliwa tarehe 12 Desemba 1866 mjini Mulhouse, katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Mwaka 1871, baada ya vita, jimbo hilo lilichukuliwa na Ujerumani. Kijana akaendelea na masomo, akavuka kwenda Zürich, Uswisi, na huko akapata shahada ya udaktari mwaka 1890.

Wakati ule wakemia walikuwa na fumbo. Kobalti ikishikana na kloridi tatu, hesabu yake imetimia. Mbona basi bado inashika amonia nne, tano, hata sita, na kutoa chumvi za rangi mbalimbali? Bingwa wa chumvi hizo alikuwa Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, Denmark. Yeye alifundisha kwamba amonia hujipanga moja nyuma ya nyingine kama mnyororo.

Usiku mmoja Werner aliamka saa nane, jibu likiwa kichwani. Akaandika bila kulala tena hadi saa kumi na moja jioni. Makala yake ilichapishwa mwaka 1893, akiwa na miaka 26.

Alisema hivi: metali ina aina mbili za mshikamano. Wa kwanza ni wa chaji, ndio unaoihitaji kloridi tatu. Wa pili ni wa nafasi. Kobalti hukaa katikati, na kuizunguka kuna nafasi sita: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Leo kobalti hiyo tunaiita atomu ya kati, vinavyoishika tunaviita ligandi, na idadi ya nafasi tunaiita namba ya uratibu. Kitu kizima ni kampaundi changamano.

Mwanafunzi anaweza kulipima jambo hili kwa nitrati ya fedha. Chumvi yenye amonia sita hutoa kloridi zote tatu kama mashapo meupe, kwa kuwa zote ziko nje. Yenye amonia tano hutoa mbili, maana kloridi moja imeingia ndani kujaza nafasi ya sita. Yenye amonia nne hutoa moja tu.

Hapo ndipo ubishi ulipokolea. Kama nafasi ni sita kweli, basi chumvi yenye amonia nne na kloridi mbili ndani lazima iwe na sura mbili: kloridi zikiwa jirani, au zikitazamana. Iliyojulikana ilikuwa ya kijani peke yake. Ya pili iko wapi? Werner alifanya kazi miaka 14. Mwaka 1907 akaipata, rangi yake zambarau. Jørgensen, aliyekuwa amempinga muda wote huo, alikubali kwamba ameshindwa. Nasi tusisahau kwamba majaribio mengi aliyoyategemea Werner yalitoka katika maabara ya Jørgensen huyohuyo.

Mwaka 1911 Werner alionyesha kampaundi za kobalti zinazotofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Afya yake ilidhoofika, akafariki Zürich tarehe 15 Novemba 1919, akiwa na miaka 52.

Sasa turudi kwenye jiko. Werner hakuchunguza damu, lakini lugha yake ndiyo inayoieleza. Ndani ya himoglobini, chuma ni atomu ya kati yenye nafasi sita. Nne zimeshikwa na naitrojeni, ya tano na protini, na ya sita ni ya oksijeni tunayovuta. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, nayo hukikalia kiti hicho cha sita kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hufa huku chuma cha damu yake kimejaa, ila kimejaa mgeni asiyefaa. Basi tutoe jiko nje kabla ya kulala.

Tunajifunza pia kwa wale wawili. Werner alivumilia miaka 14 bila ushahidi kamili mkononi. Jørgensen, mzee mwenye jina kubwa, aliuona ukweli kwa mpinzani wake aliye mdogo kwa umri, akaukubali. Sisi tunaobishana darasani na kwenye vikao vya jumuiya tujiulize ni lipi kati ya hayo mawili lililo gumu zaidi kwetu.